Mapanga ya Mwanzi

Nilikuwa nimewaahidi watoto wa darasa la sita kwamba Ijumaa wataiona helikopta ikiruka. Mwalimu mkuu aliposikia, akaniita mwalimu wa midoli mbele ya wenzangu. Basi ikawa lazima iruke. Nilikuja Masoko, Rungwe, kutoka Singida kufundisha, nikaolewa hukohuko, na nilikuwa nimechoka kuchekwa kama mgeni.

Mwili wa helikopta haukunisumbua. Maduka ya Tukuyu yalikuwa yameanza kujaa vitu baada ya miaka ya uhaba na foleni, nikachukua boksi tupu la dawa ya meno, nikalitoboa na kulining'iniza kwenye kijiti. Juu ya kijiti nikafunga mapanga mawili ya mwanzi. Unakisugua kijiti katikati ya viganja kwa nguvu, unaachia. Kilichonitesa ni hayo mapanga. Nilichonga membamba, nikachonga mapana, nikayalaza, nikayainua. Kila nikiachia, yanazunguka vizuri kabisa, kisha yanaanguka miguuni pangu puu. Kwetu mvua huja ikaondoka. Ya Rungwe inahamia. Ilinyesha wiki nzima, wali ukaungua mara mbili, na mimi nachonga tu.

Ng'ambo ya migomba alikuwepo seremala hodari, baba mkwe wangu. Kuuliza si ujinga, lakini ningemuulizaje mtu nisiyeruhusiwa kumwona? Kwa desturi ya Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemeshani. Akitokea njiani, nilikimbilia migombani na kujifunika kanga. Kwa miaka miwili nilijua kikohozi chake na sauti ya randa yake, uso wake sikuujua. Niliona ni mateso ya bure, na mume wangu alinisikia nikilalamika hadi akazoea.

Jumatano uvumilivu ukaniishia. Nikakitupa kijiti na mapanga yake migombani, nikaingia ndani.

Alhamisi asubuhi mama mkwe akanirudishia. Panga moja lilikuwa langu. La pili lilikuwa jipya, limepigwa msasa.

"Baba yako anasema umechonga kama viatu, cha kushoto na cha kulia," aliniambia. "Moja linapandisha, lingine linashusha. Anasema yote yawe ya mguu mmoja."

Niliona aibu, kisha nikakasirika kwamba jambo lenyewe lilikuwa rahisi hivyo. Nikatoka uani bila hata kumkaribisha mama aketi. Nikasugua viganja, nikaachia, ikapanda. Upepo ukaichukua juu ya migomba hadi upande wa karakana ya baba mkwe. Nikaikimbilia, nikakumbuka desturi, nikasimama nyuma ya mgomba wa mwisho na kanga kichwani. Randa ilikuwa imenyamaza. Nilitaka kusema asante.

Mara boksi la dawa ya meno likatokea juu ya majani, mapanga yakizunguka, likatua kwenye matope mbele yangu. Nikaliokota, nikalirusha tena. Akalirudisha. Nikarusha, akarudisha. Kengele ya shule ikalia na mwalimu mkuu sikumkumbuka kabisa. Nilikuwa nimesimama mvuani, nikimsubiri baba mkwe wangu anijibu, nikilia.