Mtaa wa Pazi Lugome

Mzee Marijani, fundi viatu wa Tandika, hakuwa mwongo. Nianze hapo, maana siku hizi kila mwenye mdomo anamwita mwongo. Alichosema ndicho alicholishwa tangu mdogo: babu yake, Pazi Lugome, alipigana na Wajerumani kwenye Majimaji, huko upande wa Kisarawe, wakamkamata wakamnyonga. Ukimpelekea kandambili iliyokatika, unasimuliwa unyongaji wote mpaka uzi uishe. Siku ya Mashujaa, Julai ishirini na tano, anafunga kibanda, anavaa kanzu, anakaa barazani kutwa nzima kama vile kuna mtu anakuja kumpa mkono. Watu walimcheka. Mie nilimcheka kuliko wote, na haki nilikuwa nayo: mie Margareta Mnyamwezi, yeye Mzaramo, mtani wangu wa damu.

Basi serikali ikaja na mambo ya anuani za makazi, kila mtaa upate jina na kibao. Marijani akawa kama kapandwa na shetani. Alikwenda kwa mwenyekiti wetu, Azan, mara sita, mpaka Azan akakubali: jina la Pazi Lugome litapelekwa kwenye mkutano wa wakazi Jumamosi, na mpinzani hayupo.

"Margareta," akaniambia, "babu hana kaburi. Hicho kibao ndo kaburi lake. Nikishakiona, hata Mungu akinichukua sina neno."

Alhamisi akafiwa na mkewe, Zubeda.

Mtani msibani ana kazi yake, asiyeijua anyamaze. Nilivaa kanga ya marehemu, nikajilaza mlangoni jeneza lisipite, nikamwigiza Zubeda anavyogombana na wauza mchicha, mpaka wafiwa wakacheka huku wanalia. Ningeishia hapo. Lakini mdomo wangu ukishaonja kicheko haushibi. Nikamgeukia Marijani.

"Na wewe usitulilie hapa. Babu yako hakunyongwa wala nini. Yeye ndo aliwashikia Wajerumani kamba."

Watu wakaangua kicheko. Dada yake, Bi Tabu, kikongwe wa miaka tisini na ushei, hakucheka. Aliniangalia, akauliza taratibu, "Nani kakwambia?"

Sikuambiwa na mtu. Nilijisemea tu, haki ya Mungu. Kicheko kikazima sebule nzima, Marijani akamgeukia dada yake.

"Dada?"

Bi Tabu akavuta ushungi usoni. "Bibi alituusia tusikwambie. Hadithi ya babu ulikuwa unaipenda mno."

Jeneza likatoka, wanaume wakalifuata. Njia nzima kwenda makaburini, nasikia, hakuna aliyemtaja Zubeda.

Jumamosi mkutano ukakaa, matanga hata hayajaanuliwa. Azan hakuligusa lile jina. Mtaa ukaitwa Mtaa wa Amani, watu wakapiga makofi, na Marijani yupo, kakaa nyuma. Roho iliniuma. Lakini mtani haombi radhi, na anayetaniwa hanuni. Ndiyo mila yenyewe. Tulipokutana mlangoni akanitania kama siku zote, akaniita mpagazi, mbeba mizigo ya Waarabu. Nilitamani anizabe kofi.

Na hilo jina la kibaoni, nani analitumia Temeke? Huku mahali panaitwa na midomo ya watu. Mwezi haujaisha, bodaboda wote wanapaita Kwa Mnyongaji. Duka la dawa likaandika hivyo hivyo ukutani, wateja wasipotee. Marijani akagoma kulitaja. Akipanda pikipiki anaelekeza: pita msikitini, kata kushoto, nyumba ya tatu. Madereva wanajifanya hawapajui, wanamzungusha makusudi, wanacheka.

Wiki iliyopita nilimkuta sokoni Tandika, mvua inamnyeshea, miguu imevimba, furushi la ngozi begani. Dereva wa tatu alikuwa anamwambia hapajui. Nikafungua mdomo nimsaidie kuelekeza, jina lililonijia ni lile lile nililolizaa mwenyewe. Marijani akaniona. Akainamisha kichwa, akapanda nyuma ya yule kijana.

"Nipeleke Kwa Mnyongaji," akasema.