Siku Niliyompa Idi Soga

Si kweli, Idi, binamu yangu, kwamba siku ile tulikuwa tunacheza tu. Kwako ulikuwa mchezo, kwangu haukuwa. Juzi stesheni ya Pugu nilisikia watoto wakitegana vitendawili vya reli, nikaukumbuka mchana ule wa utotoni kwa shangazi, tukimenya mihogo huku moshi wa treni ukituwasha macho.

"Kitendawili!" ulisema.

"Tega!"

"Natoka Ruvu naenda Tanga. Nabadili treni wapi?"

Nilitaja kila stesheni niliyoijua. Kumbe hapabadiliwi treni: reli ya Ruvu inaungana na ya Tanga.

"Umeshindwa. Nipe mji!"

"Chukua Ruvu."

"Ruvu kuna mamba. Nataka Soga."

Nikakupa. Ukajikohoza kama mzee: "Nimefika Soga, wote wananiamkia, mpaka mama yako. Marahaba, marahaba!"

Soga ndiko mama alikokwenda kujifungua, na kesho yake nilikuwa napelekwa kumwona mtoto. Nikaamini mji si wetu tena, na kwamba nikishuka pale nitafukuzwa. Niliamua kwamba asubuhi nitashuka Mpiji, stesheni ya kabla yake, niingie Soga kwa miguu kupitia mashambani.