Kibaraza cha Kusini

Kujua kwa nini jua linahama kulinigharimu mishumaa arobaini na kikombe cha kahawa. Nimehesabu tena: vikombe viwili, maana mwalimu naye alikunywa.

Nilikuwa nimetoka Mbalizi kwenda kufanya biashara Iringa, mwaka wa hamsini na kitu. Mwezi wa Juni nikapanga kibaraza mtaa wa Mlandege, upande wa kusini wa nyumba ya mzee mmoja mwenye asili ya pwani. Sikukurupuka. Siku tatu nilikaa ng'ambo ya barabara nikikitazama asubuhi, adhuhuri na alasiri, jua halikukigusa. Nikalipia mwaka mzima kwa ajili ya kivuli kile, na mtaji uliobaki wote nikautia kwenye mishumaa ya Krismasi, ambayo watu wa milimani huinunua.

Novemba nikakuta makasha mawili yameshinda juani. Mishumaa imeinama kama karani mbele ya Bwana Shauri wa wilaya.

Nikamwendea mzee, nikamwambia amenipangisha kivuli kisichokuwepo.

"Mwanangu, nyumba sijaigeuza," akasema. "Kagombane na jua."

Mwalimu wa shule ya jirani, mteja wangu wa kibiriti kimoja kimoja, alikuwa akisikiliza. Akachoma chungwa kwa spoku ya baiskeli, akawasha mshumaa wangu mmoja uliopinda, akalitembeza chungwa kuuzunguka huku spoku imelalia upande uleule, wa mlangoni. Dunia imeinama hivyo, akaeleza, na haijinyooshi. Juni, watu wa kaskazini ndio wanaolielekea jua. Sisi tunaliona kwa kaskazini, limelala, na baridi inatupata. Desemba ni zamu yetu, na jua linatupita kusini.

Nikabisha. Mimi nilijua Juni kuna baridi kwa sababu jua limekwenda mbali.

"Likiwa mbali nasi, liko mbali na Wazungu pia," akasema. "Mbona kwao Juni ndio joto?"

Nikamwita muuza kahawa, nikalipia vikombe viwili.

Nikahesabu miezi, mara mbili. Katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari jua ni la kibaraza changu. Miezi mingine ni la kibaraza cha kaskazini, alikokaa fundi cherehani. Naye tangu Oktoba alikuwa akilalamika giza, haoni tundu la sindano. Nikamwambia tubadilishane. Akataka nimwongezee kitu kwa usumbufu wa kuhamisha cherehani. Mimi nikataka aniongezee kwa kumpa jua. Tulivutana hadi adhuhuri, tukahama bure.

Makasha kumi yaliyobaki yalifika Krismasi yamenyooka, yakaisha yote. Machi tukarudishiana vibaraza, kila mtu na raha yake.

Siku ile ya kwanza ya kuhama mzee alisimama akitutazama, kisha akanivuta pembeni.

"Mwanangu, nina nyumba nyingine Mbeya. Vibaraza vyake, kimoja mashariki, kimoja magharibi. Hebu nishauri: pale niwapangishe watu kwa mwezi, au kwa nusu siku?"