Kitanda cha Karibu na Dirisha

Wenzake kazini walimwita Mama Kona, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wanawake katika hospitali ya mjini kwao, na hakuna aliyetandika kitanda kama yeye. Shuka lake lilikaza kama ngozi ya ngoma, na kona zake zilikunjwa kama bahasha ambayo haijafunguliwa. Wahudumu wapya walipelekwa kwake wakajifunze, naye aliwafundisha bila maneno mengi. Kanuni yake ilikuwa moja: mgonjwa akiondoka, awe ameruhusiwa kurudi nyumbani au amekwenda kule tuendako sote, kitanda chake kitandikwe papo hapo. Kitanda kilichovurugika, alisema, kinawatisha waliobaki.

Kanuni hiyo ndiyo iliyomponza. Mama yake mzazi alilazwa katika wodi hiyohiyo, kitanda cha karibu na dirisha, akafariki asubuhi moja binti yake akiwa zamu. Mwili ulipotolewa, wenzake walimsihi akae, wao watashughulika. Hakukaa. Alivua mashuka, akafuta godoro kwa dawa, akatandika mapya, akakunja kona zote. Alipomaliza alikitazama, na hakuona dalili yoyote kwamba mama yake aliwahi kulala pale. Akasubiri kilio kije. Hakikuja.

Msibani aliwapokea wageni, akawauliza kama wamekula, akapanga viti. Watu walimsifu kwa uvumilivu wake. Haukuwa uvumilivu. Ilikuwa kama ganzi ya daktari wa meno, ile inayomfanya mtu aguse shavu lake akadhani ni la jirani.

Kabla ya msiba familia ilikuwa imepanga safari ya baharini, na hilo lilikuwa wazo la marehemu huyo. "Nataka nione maji yasiyo na ng'ambo," alikuwa akisema, "kabla macho hayajafunga duka." Chumba kilikwisha kuwekwa katika hoteli ndogo ya ufukweni, nchi jirani, kwa likizo ya shule ya msimu wa joto: kitanda kikubwa cha wazazi, viwili vya watoto na kimoja cha Bibi. Msiba ulipopoa, ndugu walikaa wakaamua safari isivunjwe. Watoto wameshaahidiwa, na marehemu mwenyewe angewacheka. Mama Kona hakubisha. Kubisha kunataka nguvu.

Wakaenda wanne. Mumewe alikuwa fundi wa lifti, mtu wa mzaha, ambaye alipenda kusema kwamba maisha yana kupanda, kushuka na kukwama, na kwamba yeye hula kwa jasho la kule kukwama. Mtoto wa kwanza, mvulana wa miaka kumi na mmoja, walimwita Mzee, kwa sababu alivaa miwani na aliongea kama mtu aliyestaafu. Kitinda mimba, msichana wa miaka sita, walimwita Kasuku, na mwenye masikio hakuuliza sababu.

Walipofika chumbani, Kasuku ndiye aliyegawa vitanda. Cha dirishani alisema ni cha Bibi, akaweka juu ya mto kofia pana ya jua ambayo Bibi alikuwa ameinunua kwa ajili ya safari. Hakuna aliyempinga.

Asubuhi iliyofuata, watu wa hoteli wakiwa bado hawajapita, Mama Kona alitandika vitanda vyote. Alipofika cha dirishani aliondoa kofia, akavuta shuka lote, akalikung'uta, akalirudisha, akakunja kona, akaweka kofia mahali pake. Mzee, aliyekuwa akitafuta kandambili, alimkumbusha kwamba kile hakijalaliwa, na kwamba hapa si wodini. Mama yake akamjibu kuwa vumbi halichagui. Kesho yake akafanya vilevile, na kesho kutwa.

Ufukweni alikaa kwenye kiti cha kukunja, amevaa viatu. Aliwapaka watoto mafuta ya jua nyuma ya masikio, akatoa mchanga kwenye biskuti, akalinda taulo. Alifanya kila kitu ambacho mama hufanya. Bahari ilikuwa mbele yake, kubwa kama ilivyosifiwa, naye aliitazama kama mtu anayetazama ukuta akisubiri kuitwa jina.

Bibi alikuwa amemwahidi Kasuku kwamba watachimba shimo karibu na maji, wachimbe mpaka maji yenyewe yaje kuwatafuta. Sasa ahadi hiyo ilikuwa imehamia kwa mama, na kila asubuhi mtoto aliidai.

"Mama, utaingia leo?"

"Kesho, mwanangu."

Kasuku aliichukua ile kesho bila kinyongo, akaenda nayo kwa baba yake, akarudi siku ya pili kuuliza tena. Mume wa Mama Kona alistahimili kwa siku kadhaa. Kisha mchana mmoja, watoto wakiwa mbali kidogo wakifukuza kaa, alikuja akaketi mchangani karibu na kiti cha mkewe.

"Mama Watoto, mtu akikwama kwenye lifti hubonyeza kengele. Wewe umekaa kimya humo ndani, sisi tutajuaje?"

"Nipo," alisema mkewe.

"Kamwambie Kasuku. Mimi najua."

Alikusudia kumwambia. Lakini siku moja kabla ya kuondoka, Kasuku hakuuliza. Alichukua ndoo yake, akampita mama yake kama anavyopita mwavuli wa watu wengine, akaenda zake majini. Mama Kona aliliona hilo vizuri sana. Alijua kwamba lilipaswa kuuma, akasubiri liume, kama alivyosubiri wodini. Mtoto alikuwa amekoma kumdai, na hakukuwa tena na kesho nyingine ya kumpa.

Adhuhuri walirudi chumbani kubadilisha nguo. Kitanda cha dirishani hakikuwapo. Kwenye zulia zilibaki alama nne za miguu yake, na kofia ilikuwa mezani, imewekwa kwa adabu karibu na birika la chai. Baba alianza kusema kwamba labda wamekipeleka kufanyiwa matengenezo, lakini hata yeye mzaha ulimkatikia njiani. Kasuku alisimama na ndoo yake, maji ya chumvi yakimtiririka miguuni. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo, ambayo hawakujua kama anayo.

"Mama, ni wewe umewaambia Bibi haji?"

Mama Kona alitoka chumbani. Akamkuta mhudumu wa vyumba mwishoni mwa korido, mwanamke wa rika lake, akipanga taulo kwenye kitoroli. Akamuuliza kitanda kiko wapi. Yule mwanamke hakuona ajabu. Alieleza kwamba familia nyingine imefika na watoto wengi kuliko vitanda, naye ndiye aliyemwambia meneja kwamba chumba chao kina kitanda kisicho na mtu.

"Nani alikwambia hakina mtu?"

"Kitanda chenyewe. Mtu hata alale kama gogo huacha alama, dada. Kile hakikuwa na hata kunyanzi."

"Nilikuwa nakitandika mimi. Vyote natandika mimi."

Mhudumu aliweka taulo chini. "Kumbe ni wewe? Siku zote hizi nikiingia mle sioni pa kushika. Nikasema hawa watu wamesikia nini kuhusu mikono yangu. Na zile kona, nimejaribu kuziiga nyumbani, mume wangu akaniuliza nani amelazwa." Akacheka, kisha akaacha, kwa kuwa alicheka peke yake. "Haya, niambie. Nani alikuwa analala dirishani?"

Mama Kona alifungua kinywa kusema hakuna mtu. Badala yake alisema, "Mama yangu."

"Yuko wapi?"

"Amekufa. Wodini, kazini kwangu. Nikamtandikia kitanda kabla sijamlilia, na tangu hapo sijui nianzie wapi."

Mhudumu hakutoa pole. Labda aliona pole amepewa za kutosha. Alikisukuma kitoroli ukutani, akakifunga breki.

"Kitanda kitarudi," alisema. "Wale watoto tutawatafutia godoro. Lakini ukitandike tena usithubutu. Hiyo ni kazi yangu, na mimi siji wodini kwako kupima watu homa."

Kilirudi kweli, mhudumu akivuta upande wa mbele na fundi wa lifti akisukuma upande wa nyuma, akilalamika kwamba likizo imegeuka zamu. Mhudumu akakitandika mwenyewe, kwa namna yake, shuka likilegea kidogo na kona zikining'inia. Mama Kona alisimama kando, mikono ameibana kwapani kwa sababu ilikuwa inawasha. Yule mwanamke alipotoka, Mama Kona alivua viatu vyake, akapanda kitandani na nguo zake zote, akageukia dirisha.

Hakulia. Mumewe alikuwa amejiandaa kwa kilio, hata leso alikwisha kuitoa, na baada ya muda akairudisha mfukoni. Mzee alikaa kwenye kitanda chake, akajifanya anasoma. Kasuku ndiye aliyesogea. Alichukua kofia mezani, akaivaa, ikamfunika mpaka puani, akapanda na maji yake na mchanga wake, akajilaza mgongoni kwa mama yake. Ule ubichi ulipenya blauzi. Mama Kona aliusikia polepole, kwanza kama uzito, kisha kama baridi. Baridi hiyo ilikuwa yake, haikuwa ya jirani.

"Sikuwaambia," alisema, bila kugeuka.

Kasuku aliipima habari hiyo. "Basi walikosea," alisema.

Walipoamka, shuka lilikuwa limelowa, limejikunja, lina mchanga na umbo la watu wawili, mkubwa na mdogo. Mkono wa Mama Kona ulikwenda wenyewe kwenye upindo. Ukaushika. Kisha ukauachia, na watu wote chumbani wakauona ukiuachia.

Jua lilikuwa limepungua makali waliporudi ufukweni. Kasuku hakuuliza, na mama yake hakungoja aulizwe. Alivua viatu, akaviweka pale mchanga unapoanza kuwa mweusi, akapiga magoti, akachimba kwa mikono. Kasuku alichimba mbele yake, akitoa maagizo. Kingo za shimo zilibomoka kila mara, na kila mara vidole vya mama vilitaka kuzisawazisha, lakini mtoto alisema ziachwe. Zikaachwa. Walipofika kina cha kiwiko, maji yalianza kuja yenyewe kutoka chini, machafu kidogo, baridi, yakapanda vidoleni, yakafika viganjani.

"Mama," Mzee aliita kutoka nyuma yao, kwa sauti yake ya kistaafu, "kuna kiatu chako kinaondoka."

Wimbi lilikuwa limekichukua kimoja. Kilielea, kikageuka, kikaonyesha soli. Mama Kona alikitazama, mikono yake ikiwa bado shimoni.

"Kikimbilie, Baba Watoto," alisema. "Mimi nimeshikwa."