Mama Yangu na Mume Wangu Walivyozungukana

Ninafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi, na nikisema ninaifundisha vizuri sijisifu. Waulize waliopita mikononi mwangu. Somo ninalolipenda kuliko yote ni lile la vitu viwili vya angani vinavyozungukana. Wanafunzi hufika darasani wakiamini kwamba Mwezi unazunguka na Dunia imetulia tu, kama bwana mkubwa anayehudumiwa. Mimi huwachukua wawili, mnene na mwembamba, nikawapeleka uwanjani na kuwaambia washikane mikono, wazunguke kwa nguvu. Halafu tunaangalia nyayo mavumbini. Mwembamba amechora duara kubwa, lakini mnene naye amechora lake, dogo. Hakuna aliyesimama. Wote wawili wameizunguka sehemu moja iliyo kati yao, karibu zaidi na yule mzito, na mmoja akiwa upande huu, mwenzake yuko upande wa pili. Kwa Dunia na Mwezi sehemu hiyo imo ndani ya Dunia yenyewe, ila si katikati yake kabisa, ndiyo maana Dunia nayo inayumba kidogo.

Somo hilo nililifundisha kwa miaka kabla ya kuliona nyumbani kwangu.

Mama yangu alitoka Mitwaba, anakolima mahindi na mihogo, akaja kupasuliwa mtoto wa jicho. Daktari alifanya kazi yake vizuri, akatupa chupa ndogo ya dawa pamoja na onyo. Matone yaingie kwa saa zake, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Yakirukwa, jicho linaweza kuharibika lisitengenezeke tena. Mama hawezi kujitilia mwenyewe kwa sababu mikono yake inatetemeka. Akakaa kwetu, mtaa wa Annexe, katika nyumba ya vyumba viwili na salon, yaani sebule.

Mume wangu anachoma nyama jioni kwenye baa moja huko Karavia, kwa hiyo asubuhi na mchana yuko nyumbani. Utasema: basi yeye amtilie mama dawa. Utasema hivyo kama huijui buko, yaani heshima ya wakwe. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni, hawali pamoja, hawapishani mlangoni. Si chuki, ni heshima. Ukoo wa mume wangu ulitoka Kasai na wetu ni wa kaskazini ya Katanga. Kuna mengi wanayobishania, lakini katika hili wanaelewana kabisa.

Basi nyumba ikaanza kuzunguka. Mume wangu akiingia salon, mama anatokea mlango wa nyuma. Mama akirudi ndani, mume wangu anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli barabarani. Bukari yake, ugali wetu wa hapa, alikuwa anaila nje, chini ya ukingo wa paa, sahani magotini. Aliniambia kwa sauti ya mtu aliyeonewa kwamba katika nyumba hii ni yeye peke yake anayehangaika, mama ametulia kama malkia. Nilimwamini, hadi siku nilipogundua kwamba mama hanywi maji tangu asubuhi, ili asilazimike kupita uani kwenda chooni wakati mkwe wake yuko pale. Naye mama alikuwa na hakika kwamba mkwe anaishi raha mustarehe, na kwamba anayezunguka kuta ni yeye. Kila mmoja alijua mwendo wake tu. Nilicheka sana, kisha hasira ikanipanda, maana aliyekuwa katikati yao ni mimi.

Wakati wa mapumziko ya mchana shuleni nilikuwa napanda pikipiki, natia dawa, narudi mbio. Mkuu wa shule alinionya mara kadhaa kwa kuchelewa. Siku moja mvua ikaifanya njia ya kwetu kuwa tope tupu, pikipiki ikanasa, na matone ya mchana yakapita bila kutiwa. Kesho yake jicho lilikuwa jekundu. Daktari alisema tukirudia kosa hilo, tusimfuate tena. Jioni nilimkuta mama anakunja vikwembe vyake, vile vitenge vya kujifunga.

“Mwana yangu, heri nirudie Mitwaba na jicho moja,” aliniambia. “Siwezi kufukuzaka muntu mu nyumba yake.”

Nilimnyang'anya vikwembe, nikaviweka juu ya kabati.

Siku iliyofuata darasani tulifika kwenye nyota pacha, zile mbili zenye uzito unaokaribiana. Nilizichora ubaoni, nikaweka alama ya msalaba katikati yao. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

“Prof, pale mu katikati kuko nini?”

Nilimjibu kwamba hakuna kitu, ni mahali patupu.

“Sasa ni nani anazishika?”

“Zinashikana zenyewe,” nikasema, na chaki ikabaki mkononi.

Asubuhi yake nilitia matone ya kwanza, nikaiweka chupa juu ya meza ya salon. Mama alikuwa chumbani, mume wangu uani. Nikasimama kati yao, nikasema kwa sauti wote wasikie kwamba leo sirudi kabla ya jioni. Mama alinong'ona kwamba nimerukwa na akili. Mimi ni mtu wa kuamini hesabu zangu, lakini siku ile niliogopa. Jicho likipotea, nitakuwa nimelipoteza mimi.

Niliporudi, mama alikuwa amekaa salon, mahali ambapo hakuwahi kukaa mchana. Mume wangu, kabla ya kwenda kazini, alinieleza nje, jasho likimtoka. Alikuwa amekwenda sokoni kununua kuku, akamwomba mama mmoja jirani yetu ampelekee mkwe wake, maana kwetu kuku aliyetolewa na mkwe mwenyewe mbele ya shahidi hufungua kile ambacho buko imefunga. Mama akampokea. Akalala kwenye kiti kirefu, akajifunika uso mzima kwa kikwembe na kuacha jicho moja tu. Mume wangu akanawa mikono, akatia dawa, mama jirani akishuhudia.

“Sikumugusa,” aliniambia. “Niliangalia jicho tu.”

Tangu hapo kazi ikawa yao. Mimi niliyejidhania nguzo ya nyumba nilikuwa naulizia habari kama mgeni, na nakiri roho iliniuma kidogo. Kila siku kikwembe kilishuka kidogo, hadi siku moja mama akasahau kujifunika nacho.

Daktari aliposema jicho limepona, mama aliniita chumbani, akafunga mlango.

“Bwana yako iko na mvi,” alisema polepole. “Mulipofunga ndoa, banasema alikuwa kijana. Miaka yote hii miye sikumuona. Uso yake njo ya kwanza jicho hii iliona muzuri.”

Nilikaa kitandani karibu naye, machozi yakanitoka. Yeye hakulia. Alikuwa anawaza jambo.

“Anaonekana amechoka sana,” akasema. “Anakulaka muzuri? Analalaka?”

Nami ninayelala naye kila siku sijawahi kumwuliza hayo.