Kamba Ishirini za Munyi

Katika kituo cha majani chai alikofanya kazi ya ukarani, Munyi aliaminiwa na kila mtu. Akina mama walitundika magunia yao kwenye mizani na kuendelea kupiga gumzo bila hata kutazama, maana aliyeshika kalamu alikuwa Munyi, na Munyi hakuwahi kumpunja mtu nusu kilo. Kwa hiyo baba yake alipofariki na shamba likawa halina budi kugawanywa, hakuna aliyeuliza nani apime.

Warithi walikuwa wawili: yeye na dada yake mdogo, Rwamba, aliyekuwa amerudi nyumbani na watoto wawili baada ya ndoa kumshinda. Shamba lenyewe lilikuwa ekari moja na kidogo, kwenye miteremko ya Embu inayopanda kuelekea mlimani. Upande wa barabarani lilikuwa pana, kisha likajibana na kuteremka kama ulimi mpaka kwenye kijito. Munyi alichukua kamba ya ng'ombe, akaikata mita kumi kamili, akaanza kuzunguka. Sehemu ya juu ilikuwa kamba tano kila upande. Pande nne, kamba ishirini. Akashuka kwenye ule ulimi: kamba nane kuteremka, mbili kukata chini, nane kupanda, mbili kurudi alikoanzia. Ishirini tena! Alirudi nyumbani akitabasamu.

"Zimelingana kabisa, Mama," alimwambia mama yake, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni. "Hata hakuna cha kubishania."

Yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa na nyumba yake ilikuwa tayari imejengwa juu, alichukua juu. Rwamba akapewa chini.

Mvua ya kwanza ilipoisha, Rwamba alimjia. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyasema polepole.

"Munyi, shamba langu ni dogo kuliko lako."

"Ni dogo vipi? Si ulinishikia kamba mwenyewe?"

"Ya kamba sijui. Ninachojua ni mbegu. Wewe umepanda paketi tatu za mahindi, mimi mbili zikamaliza shamba lote. Na mashimo tumechimba kwa nafasi ileile."

"Basi wewe unapanda mbali mbali."

"Sipandi mbali mbali. Njoo uone."

Munyi hakwenda kuona. Angeenda kuona nini, na kamba alikuwa ameihesabu mara mbili? Rwamba alipolipeleka jambo hilo kwa wazee wa kanisa, walikuja watatu wakakaa chini ya paa la zizi, na Munyi akazunguka tena na kamba yake mbele yao, wao wakihesabu kwa sauti. Ishirini juu, ishirini chini. Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Rwamba akarudia habari ya mbegu zake, na mzee mmoja akacheka kidogo, si kwa ubaya.

Mambo yangeishia hapo. Lakini Munyi, akiwa ameudhika kwa kuitwa mdanganyifu mbele za watu, yeye karani wa mizani, alisema neno ambalo hakuna aliyekuwa amemwomba aliseme.

"Mwanamke aliyerudi kwa baba yake angeshukuru kupata hata mahali pa kusimama."

Rwamba aliinuka, akajifunga leso yake vizuri, akaondoka. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amehamia Embu mjini na watoto wake, mtaa wa Dallas, akifua nguo za watu. Lile shamba la chini likamea nyasi.

Mama yao alikuwa mtu wa kutobishana. Lakini kila baada ya muda, akiwa anakunywa chai yake, alikuwa akisema, "Munyi, pima tena." Na Munyi alikuwa akijibu, "Mama, nimepima." Miaka sita ilipita hivyo. Mwaka wa saba mama akafariki. Siku ya mazishi Rwamba alikuja, lakini hakusimama na familia. Alisimama nyuma na majirani, na walipoitwa watoto wa marehemu kutupa udongo, alitupa wake upande mwingine wa kaburi na kuondoka kabla ya chakula.

Muhula uliofuata, shule ya binti yake Munyi, Wawira, iliwaita wazazi wa Gredi ya Nne. Mkewe Munyi, Kendi, alikuwa na homa, kwa hiyo akaenda yeye. Mwalimu Gachoki, kijana mrefu mwenye chaki kwenye mikono ya koti, hakuwahutubia. Aliwaketisha kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao, akampa kila mzazi karatasi ya miraba na uzi uliofungwa ncha kwa ncha.

"Hivi ndivyo watoto wenu wanavyojifunza hesabu siku hizi," alisema. "Kila uzi una sentimita ishirini. Tengenezeni umbo lolote la pembe nne juu ya karatasi, kisha mhesabu miraba iliyo ndani."

Wazazi walicheka, wakaanza kuhangaika na nyuzi zao. Munyi alitengeneza umbo la tano kwa tano. Akahesabu miraba ishirini na mitano. Mama aliyeketi kando yake alikuwa ametengeneza umbo jembamba, nane kwa mbili, naye akasema kwa sauti, "Mwalimu, mimi nina kumi na sita tu. Uzi wangu ni mfupi?"

"Uzi ni uleule, mama. Upime na wa jirani yako."

Wakazipima. Zililingana.

"Sasa mnaona," alisema mwalimu. "Urefu wa kuzunguka ni kitu kimoja. Nafasi iliyo ndani ni kitu kingine. Watoto wengi huchanganya hapo."

Munyi aliitazama ile karatasi ya jirani yake. Nane kuteremka, mbili kukata. Urefu mara upana: alikuwa ameimba maneno hayo akiwa darasa la nne, shule hiihii, na kwenye mtihani alikuwa amepata alama zote. Hakuna hata siku moja alipowazia kwamba maneno yale yalikuwa yakizungumza habari za shamba.

Watu walipotoka kwenda kunywa chai, alibaki ameketi. Mwalimu Gachoki akamwendea.

"Baba Wawira, kuna tatizo?"

"Mwalimu, mtu akiwa na ishirini na tano na mwenzake kumi na sita, ili walingane, anampa ngapi?"

"Minne na nusu."

"Na kama hiyo minne na nusu ni ya kukata upande mmoja, wenye kamba tano za mita kumi kumi?"

Mwalimu alichora, akagawanya. "Basi unausogeza mpaka kwa mita tisa." Kisha akaweka kalamu chini, kwa sababu alimwona karani wa chai akijipangusa macho kwa kiganja.

Jumamosi Munyi alikwenda Dallas. Alimkuta Rwamba ameinama kwenye karai, povu limemfika kwenye viwiko. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Munyi akamweleza yote akiwa amesimama: uzi, karatasi, kumi na sita.

"Nilijua," Rwamba alisema. "Nilijua kwa mbegu."

"Mimi sikujua. Naapa sikujua, Rwamba."

"Naamini hukujua." Alikamua shati, akalikung'uta. "Kupima vibaya mtu yeyote anaweza. Lakini nilikuambia uje uone, ukakataa kutembea hatua mia moja. Na lile neno lingine hukulitoa kwenye kamba."

Munyi akachuchumaa kando ya karai.

"Mama aliniambia nivumilie, utapima tena," alisema Rwamba. "Kila nilipompigia simu. Sogeza huo mpaka. Uwaambie wazee mbele ya watu, kama ulivyosema mbele ya watu. Lakini mimi sirudi kulima. Shamba liandikishe kwa majina ya watoto."

Munyi alifanya alivyoambiwa. Jumapili alisimama kanisani akaeleza kosa lake. Baadhi ya watu hawakulielewa, na mzee mmoja akamnong'oneza kwamba hayo yalikuwa mambo ya zamani, angeyaacha yalale. Wiki hiyohiyo aling'oa migomba iliyokuwa kwenye zile mita tisa, akapigilia vigingi vipya.

Rwamba alikuja kuvikagua mara moja, pamoja na Ciku, binti yake mkubwa, ambaye sasa alikuwa msichana wa chuo. Kendi alikuwa ameandaa chakula. Rwamba alikunywa nusu kikombe cha chai akiwa amesimama, akasema gari litawaacha. Munyi aliwasindikiza mpaka barabarani. Huyu Ciku, Munyi alikuwa akimbeba mgongoni alipokuwa mdogo, akimpeleka kijitoni kuona vyura, naye mtoto akimwita "Mjomba! Mjomba!" njia nzima. Akamnyoshea mkono.

Msichana aliupokea kwa adabu, akainamisha kichwa kidogo.

"Asante, mzee," alisema. "Kwaheri."