Kamera ya Bi Pili na wifi wa mlangoni

Leo hapa Mohoro nimeona mtu mzima akiitikia salamu ya runinga.

Bi Pili aliniita mimi fundi niziriseti kamera zake, yaani nizianzishe upya, maana nywila kaisahau, kisha niziunganishe na rekoda ya kuhifadhi picha. Sababu? Kamnunia wifi yake tangu mavuno. Anataka amwone mapema akija, anyamaze ndani kama hayupo.

Picha ikatokea kwenye runinga. Nani mlangoni? Wifi mwenyewe! Anasogea, anageuka, anarudi tena.

"Asalaam aleikum!" sauti yake ikatoka kwenye runinga.

Salamu hiyo unaiachaje, jamani?

"Waaleikum salaam!" Bi Pili akaijibu runinga, kwa sauti.

"Kumbe upo, wifi?"

"Nipo. Ingia basi, unasimama mlangoni kama mgeni!"

Sasa wananifanya nirudishe kipande hicho cha video mara ya nne, wanacheka wifi alivyokuwa akigeukageuka.

Nyie mliosusiana na ndugu, mnangoja kamera?